Siku Tuliyohamisha Mita

Mama mkwe wangu alipoanza kushuka ngazi kwa makalio, moja baada ya nyingine, huku akijifanya anazikagua kama zimefagiliwa, mume wangu alisema basi, tunajenga. Chumba kimoja tu, chini, ubavuni mwa nyumba, chenye choo chake na mlango mpana. Mama akasema hakuna haja, miguu yake haina tatizo ila ngazi ndizo zimeota urefu. Hakusikilizwa. Nyumba yetu ina watu wengi na kila mtu ana maoni yake hata kuhusu chumvi, lakini siku hiyo tulikubaliana wote kwa sauti moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Kikwazo kilikuwa mita ya umeme. Ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta huohuo wa ubavuni tangu nyumba ilipojengwa, na mwashi wetu, mtu asiyependa kusubiri, alipandisha kuta za chumba kipya na kupiga bati mita ikiwa bado pale pale. Kwa hiyo ikajikuta ndani, juu kidogo ya mahali tulipopanga kuweka kitanda cha Mama. Ikibaki hivyo, kila mwezi bwana wa mita atakuwa anaingia kusoma namba huku mzee wa watu amejifunika shuka hadi kidevuni. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alisema huenda Mama asingechukia, maana yule bwana ana mabega. Mama akamrushia kandambili, na kwa mtu asiye na miguu alikuwa na shabaha nzuri.

Bwana wa mita alikuja kuangalia, akatikisa kichwa kwa muda mrefu, kisha akatueleza utaratibu. Mita na waya unaotoka nguzoni ni mali ya ofisi yake, mtu mwingine asiguse. Sisi tutafute fundi umeme wetu atuandalie mahali papya kwenye ukuta wa mbele, karibu na kibaraza, na avute nyaya za nyumba hadi hapo. Yeye atakuja Ijumaa kuzima, kuhamisha, kukagua na kuwasha. Neno kukagua alilisema kwa uzito. Kila waya unaotoka kwenye mita lazima ujulikane unakwenda wapi, kwa sababu sheria yao ni mita moja, nyumba moja.

Fundi umeme tuliyempata tulimwita Taratibu, kwa kuwa hata salamu yako haijibu mpaka aitafakari. Alifanya kazi siku nzima akizima swichi hii na kuwasha ile, akituuliza nini kimezimika. Alasiri akaja jikoni anafuta mikono, akaniomba nikaone kitu.

Pembeni mwa mita, chini ya plasta aliyoibomoa, kulikuwa na waya wa kijivu ndani ya bomba. Ulishuka ukutani, ukazama ardhini, na Taratibu alikuwa ameufuata hadi nyuma ya tangi la maji, ambako ulipenya ukuta wa mpaka na kuingia kwa jirani.

"Nikiuzima huu, dada, kwenu hakuna kinachozimika," alisema. "Ila cherehani ya huko ng'ambo inanyamaza."

Ng'ambo ndiko anakoishi Bi Sindano. Hilo si jina lake, ni kazi yake na ulimi wake kwa pamoja. Anashona kuanzia asubuhi, na mlio wa cherehani yake ya umeme umetuingia masikioni kiasi kwamba tukienda kulala kwa ndugu tunakosa usingizi. Ni mwanamke asiyeazima hata kiberiti. Mumewe alipofariki, shemeji yake alikwenda ofisi ya umeme akadai nyumba ni ya ukoo na haina mtu, mita ikang'olewa, ili mjane achoke giza na aondoke. Hakuondoka. Baada ya wiki chache taa zilikuwa zinawaka na cherehani inalia. Mtaa ukaambiwa kwamba alikwenda kupambana ofisini akarudishiwa umeme wake. Mimi mwenyewe niliieleza hadithi hiyo mara nyingi pale kibarazani, pamoja na namna alivyoipiga meza ya mkubwa wa ofisi mpaka kikombe kikaanguka. Kikombe nilikiongeza mimi, lakini kilikaa vizuri.

Nikapanda juu kwa Mama. Nilipomweleza, hakushtuka. Aliuliza nani mwingine ameuona huo waya. Nikasema fundi tu.

"Na wewe," alisema, akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba ulinzi wa shamba la mchicha amepewa mbuzi.

Akanisimulia. Yeye na marehemu baba mkwe ndio waliochimba mtaro ule, siku mtaa mzima ulipokuwa umekwenda harusini. Bi Sindano alikubali kwa sharti moja, kwamba jambo hilo lisitamkwe kamwe, hata yeye na Mama wakiwa peke yao. Tangu hapo Mama hajawahi kutaja neno umeme mbele yake. Ukikatika mtaa mzima, wanazungumza habari za mvua. Na ndiyo maana, nikaelewa sasa, yule mwanamke anayebishana na wateja mpaka jasho linawatoka, sare za watoto wa nyumba hii huwa anazishona na kuzileta mwenyewe, na ukimuuliza habari ya malipo anakutukana.

"Akijua kwamba unajua, hatakanyaga tena hapa," Mama alisema. "Ataukata kwa mkono wake, afunge mizigo, na shemeji yake apate alichokitaka. Mimi namjua. Huyo ndiye mdogo wangu, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja."

Nikamuuliza tufanyeje na bwana wa mita anakuja Ijumaa. Akainyoosha khanga yake magotini.

"Mwambie mumeo chumba sikitaki. Mita ibaki ilipo. Ngazi nitazipanda."

Alisema hivyo na miguu yake imevimba kama mikate. Nikamwambia Mama, chumbani utalala. Nipe mpaka Ijumaa. Akanijibu kwamba anachohofia si Ijumaa, anahofia Jumatano na Alhamisi, na mdomo wangu.

Ni kweli, zilikuwa siku ngumu. Mimi ni mtu wa watu. Kibaraza changu kila alasiri hujaa: Mama Pacha wa nyumba ya kona, mpishi wa shule akitoka kazini na mwiko wake bado kwapani, wifi yangu ambaye ana kwake lakini kwake hakumwoni. Tunakunywa chai, tunamgusa huyu, tunamgeuza yule, hatumuumizi mtu sana. Siku zote mimi ndiye ninayeanza. Jumatano nilianza na habari ya mwashi na mwenye duka la rangi, ikaisha haraka. Alhamisi nikabaki natazama chini ya kikombe. Habari ilikuwa imenikaa kooni kama mfupa, na kila nilipofungua mdomo nilipiga miayo ili isitoke. Wifi akanipapasa paji la uso, akamwambia Mama Pacha kwamba ama nina mimba ama nina malaria. Mama Pacha akasema zote mbili huanza hivyohivyo.

Wakati wote huo cherehani ilikuwa inalia upande wa pili. Hapo ndipo nilipopata hofu nyingine. Bwana wa mita akizima kwetu, cherehani itanyamaza papo hapo, na wote hawa wamekaa hapa, masikio nje. Siri ambayo ukuta na udongo vimeificha miaka yote itasikika kwa ukimya wa sekunde moja.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Bi Sindano na maneno matamu. Nikamwita Mama mdogo, nikamwomba aje apime mapazia ya chumba kipya, Mama anamsubiri, chai iko tayari, aache kazi kidogo apumzishe mgongo. Hakuinua hata macho. Sare za shule zilikuwa zimerundikana mpaka usawa wa dirisha.

"Mapazia ya chumba ambacho dirisha lake halijawekwa," alisema. "Unataka nipime hewa?"

Nikasema angepima tundu. Akanitazama sasa, juu ya miwani, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema nimwambie mkwe wangu kwamba mapazia hayana haraka ila watoto wa shule wana Jumatatu. Mguu wake ukarudi kwenye kanyagio. Nikaondoka nikijisikia mjinga, na mwoga zaidi kuliko nilipokuja.

Bwana wa mita akaja na ngazi yake. Na nani wako kibarazani? Wote. Mapema kuliko kawaida, mpishi ameomba ruhusa kazini eti kichwa kinamuuma, Mama Pacha amekuja na kazi ya kuchambua mchele wake kana kwamba kwake hakuna sinia. Nilijaribu kuwaingiza ndani. Hakuna aliyesogea. Mama alikuwa ameteremshwa, amekaa kwenye kiti mlangoni mwa chumba kipya, mikono imefungana mapajani.

Bwana wa mita akauliza kama tuko tayari. Nikasema tuko tayari, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Akazima.

Friji ikakata mlio. Redio ya jikoni ikakata. Na ng'ambo ya ukuta, katikati ya mshono, cherehani ikakata.

Nilifungua mdomo bila kujua ninachotaka kusema. Lakini kabla sijatoa neno, Mama Pacha alikuwa ameangusha sinia, mchele umetapakaa, anacheka kwa nguvu kana kwamba kuna la kuchekesha. Mpishi akaanza kwa sauti kubwa kueleza sufuria la shule lilivyotoboka. Wifi akamkatiza kwamba halikutoboka, aliunguza, na wakaanza kubishana juu ya sufuria kwa bidii ambayo sufuria halistahili. Yote hayo kwa mara moja, kelele juu ya kelele, kila mmoja akijua zamu yake.

Nikawatazama. Watu hawawezi kuitikia haraka namna ile kwa mara ya kwanza. Na nikakumbuka. Kila mara swichi yetu iliporuka, kila mara tulipozima ili kubadilisha balbu, kibaraza hiki kililipuka kwa vicheko, na mimi nikidhani ni hadithi zangu. Wote walijua. Walijua miaka yote, kila mmoja kivyake, na kila mmoja alidhani mwenzake hajui, au anajua lakini asiambiwe. Vinywa vile vilivyomla mpaka mchungaji wa mtaa, hili havikuligusa. Mimi ninayekaa na siri hiyo nyumba moja ndiye niliyekuwa wa mwisho. Na hadithi yangu ya kikombe cha mkubwa wa ofisi waliisikiliza mara zote hizo bila hata kukunja midomo.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Sikujua kama analia au anacheka.

Bwana wa mita aliniita ndani. Alikuwa amesimama mbele ya ule waya wa kijivu, akauliza unakwenda wapi. Nikamwambia ni wa taa ya nje.

"Taa yenu ya nje huwa inashona nguo?" aliuliza, polepole, ili nje wasisikie.

Akashusha pumzi, akasema hawezi kuuacha, jina lake ndilo linaloandikwa kwenye ukaguzi. Akaukata palepale, akazungushia utepe mweusi kwenye ncha kama mtu anayemfunga kidonda mtoto. Halafu, akiwa amenipa mgongo na kufungua skrubu za mita, akaanza kuongea na ukuta. Zamani, alisema, mita ilikuwa lazima iombwe na mwenye hati ya nyumba. Mambo yamebadilika. Siku hizi anayeishi ndiye anayehesabiwa. Mtu aje ofisini yeye mwenyewe, na majirani wawili wa kushuhudia kwamba anaishi pale, anafungiwa yake. Ndugu wa marehemu hana la kusema.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema kitambo. Nikamuuliza mbona hawakutangaza. Akasema walibandika mlangoni mwa ofisi.

Nilitamani kukaa chini kwenye saruji. Wanawake wote hawa wenye kujua nani kakopa wapi na nani kalala wapi, lazima mmoja wao alikuwa amelisikia hilo. Mtaa mzima ungekuwa umeshampeleka Bi Sindano ofisini kwa maandamano. Lakini utamwambiaje mtu habari ya mita ikiwa unajifanya hujui kwamba hana? Tulimfunika vizuri mpaka tukamfungia humo ndani. Mficha uchi hazai, na sisi tulikuwa tumemsaidia kuficha.

Mita ilihamishwa, ikakaa ukutani mbele, safi, chini ya kibati chake. Bwana wa mita akawasha. Friji ikaamka, redio ikaamka. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa kimya. Hakuna aliyekohoa huko, hakuna aliyepiga hodi kuuliza kulikoni. Nilimwona akilini amekaa mbele ya lile rundo la sare, mguu juu ya kanyagio, akisikiliza redio yetu inaimba na kuelewa.

Kibarazani kelele zilikuwa zimewaishia. Walinitazama. Na Mama naye, kutoka kwenye kiti chake, alinitazama, na sikuona tena mbuzi katika macho yale.

Nikabeba kigoda changu, nikakiweka mwisho kabisa wa kibaraza, pale kinapokaribia ukuta wa mpaka. Nikajimiminia chai.

"Nimesahau kuwapa habari," nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo watu huniambia ni kubwa. "Kuna mwanamke mmoja. Simtaji. Si wa hapa, ni wa huko mbali, kwa shangazi yangu."

Mama Pacha akaacha kuokota mchele. "Kafanya nini huyo?"

Nikawaeleza. Mwanamke huyo shemeji yake alimng'olea mita. Akakaa na shida yake miaka, mkaidi kama msumari, bila kumlilia mtu. Kumbe sheria imebadilika. Siku moja akavaa vizuri, akaenda mwenyewe, na majirani wawili. Wakamwandika. Mita yake kwa jina lake, na shemeji akabaki anauma kucha.

Mpishi akauliza kama hawakumdai hati. Nikasema hati gani, anayeishi ndiye anayehesabiwa. Wifi akataka kujua kama majirani wanatakiwa wawe ndugu. Nikamjibu majirani tu, hata wabaya. Mama Pacha akasema huyo mwanamke lazima ana majirani wazuri. Nikasema sidhani, nasikia ni wambea wakubwa, ila kuna mambo hawayauzi.

Tulikunywa chai ambayo ilikuwa imepoa.

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta, karibu sana, kama mtu aliyesimama pale tangu mwanzo.

"Huyo mwanamke alikwenda ofisi gani?"

Hakuna aliyegeuka. Niliutazama ukuta nikajibu kwamba ni ofisi ileile kubwa, dirisha la kushoto, na Jumatatu ndiyo siku nzuri kwa sababu foleni ni fupi. Hilo la foleni nililibuni, lakini nilihisi apewe siku.

Hatua zikaondoka. Tukasubiri. Mama alikuwa ameshika mikono ya kiti kama anayetaka kusimama, na miguu ile hairuhusu. Nilidhani ni mizigo inafungwa. Nadhani sote tulidhani hivyo, maana mpishi alikuwa amefumba macho.

Lango letu likalia. Bi Sindano aliingia na cherehani kifuani, ameikumbatia kwa mikono yote miwili, waya wake unaburuta chini, na sare kadhaa zimening'inia begani. Alipita mbele ya kibaraza bila kusalimia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mama, akasimama.

"Dada," alisema, na sauti ilikuwa kavu. "Huyo mwanamke, mpaka apate mita yake, nguo za watu atashonea wapi?"

"Chumba hiki hakina rangi bado," Mama akajibu. "Lakini soketi zinafanya kazi. Mwambie alete."

"Na wewe utalala wapi?"

"Hapohapo. Mimi bila huo mlio silali. Mwulize yeyote hapa."

Bi Sindano akatazama ndani, akatazama ukuta ule mtupu wenye alama ya mraba mahali mita ilipokuwa, na kipande kifupi cha waya wa kijivu chenye utepe mweusi. Akakitazama kidogo. Kisha akaingia. Tuliinuka wote kwa pamoja, tukagongana, huyu analeta meza, yule analeta kiti, Mama Pacha ameacha mchele wake kwa kuku. Wifi alivuka lango na kurudi na rundo la sare kichwani. Hakuna aliyemwambia pole. Ungemwambia pole ya nini? Habari ilikuwa ya mwanamke wa mbali.

Alichomeka, akakaa, akajaribu kanyagio. Mlio ukaja, upande huu sasa, mkubwa zaidi kuliko tulivyouzoea. Mama akaegemea kiti chake, akafumba macho.

Ndipo ugomvi ulipoanza, kwa minong'ono mlangoni, juu ya nani watakuwa wale majirani wawili wa Jumatatu. Mama Pacha alisema yeye ndiye mkongwe wa mtaa. Mpishi alisema yeye ana sare ya kazi, ofisini watamheshimu. Wifi, ambaye si mkazi hata kidogo, alisema anaweza kusema uongo kwa uso mkavu. Mimi nikasema hadithi ni yangu.

Bi Sindano hakuinua kichwa kutoka kwenye mshono. "Nasikia huyo mwanamke anataka wawili tu," alisema. "Na wawe wanaojua kunyamaza."

Mlango mzima ukanyamaza, kila mmoja akigombea nafasi.